Pazia, Namba Mbili

Jumapili, 3 Agosti

Mwanangu,

Mimi mzima, shangazi yako mzima, mguu wake bado anausingizia kila kazi ikitokea. Hayo yanatosha. Sasa tuzungumze mambo ya maana.

Jana tumefungwa matatu kwa moja na timu ya kiwanda cha magodoro. Narudia: magodoro. Wanasema ilikuwa mechi ya kujipima kabla ya msimu. Haya, tumejipima, tumejiona. Nilirudi nyumbani sikula.

Kipa mpya nimemwita Sabuni. Mpira ukimfika mikononi unateleza, halafu anabaki anavitazama viganja vyake kana kwamba ndivyo vilivyomponza. Beki wa kati ni Kabati. Mtu mkubwa, sikatai, lakini kumgeuza kunataka watu wanne na wa tano wa kusema taratibu hapo mlangoni. Kiungo ni Mwenyekiti: mkono juu, mkono chini, wewe nenda kule, wewe njoo huku, mwenyewe jezi imetoka kavu mpaka mwisho. Mshambuliaji waliyemleta kwa mbwembwe, mapicha, mashada, sijui nini, huyo ni Mgonjwa wa Wodini. Akiguswa analala, akilala anasubiri ahudumiwe.

Lakini wote hao ni malaika ukiwaweka karibu na namba mbili, beki wa kulia. Nimemwita Pazia. Kwa nini Pazia? Kwa sababu anayetaka kuingia ndani anamsogeza tu kwa mkono. Winga wao ni mtu mfupi mwenye tumbo, nasema tumbo, na alipita pale mpaka nikaanza kumwonea huruma kwa kuchoka. Na unajua Pazia alikuwa anafanya nini? Anatazama jukwaani! Mpira uko huku, yeye macho yako kwetu, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Nikamwuliza fundi baiskeli aliyekaa karibu nami, huyu amekuja kucheza au kuhesabu watu? Goli la pili na la tatu yote yalipita kwake. Mapumziko hayajafika jukwaa zima la mabati lilikuwa linaimba Pazia, Pazia, funga dirisha.

Jumamosi ijayo naandika ubao pale getini, jina la kila mchezaji na mbele yake neno moja, ABAKI au AONDOKE. Viongozi wanajifanya hawausomi. Lakini tangu mwaka ule walipotudharau, watu tukakaa nje ya geti mpaka kipindi cha pili na uwanja ukabaki na askari na wauza karanga, hakuna niliyemwandikia AONDOKE akaonekana tena kikosini. Usajili unafungwa Jumatatu yake. Pazia aanze kufunga virago.

Barua hii anakuletea dereva wa basi la asubuhi. Usinipigie simu. Simu mtu anasema halafu anakana.

Baba yako

*

Jumatatu, 4 Agosti

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa kwanza, usisome umesimama.

Baba ameniandikia kuhusu mechi. Shangazi, Pazia ndiye yeye. Yule niliyekwambia, ambaye wazee wake wanataka kuja kuzungumza na Baba. Ndiye huyo namba mbili anayejaribiwa huko, ndiye anayeimbiwa afunge dirisha.

Unajua tulivyopanga. Usajili ukifungwa, akiwa na mkataba mkononi, ndipo wazee waje, Baba ashtukizwe kwa furaha kwamba mkwe wake anachezea timu yake. Nilijiona nina akili kweli kweli! Sasa Jumamosi Baba anakwenda kumwandikia AONDOKE mbele ya mji mzima. Akishafukuzwa, ataingiaje sebuleni kwa mtu aliyemfukuzisha kazi? Nimemwuliza. Ameniambia, "Sitaingia. Baba yako akinikataa uwanjani amenikataa."

Kibaya zaidi ni kwamba kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia kabla ya mechi, Baba anakaa upande wa kulia, mstari wa tatu, kofia ya buluu, cheza vizuri akuone. Basi mtu wa watu akacheza dakika tisini anatafuta kofia ya buluu. Na tena yeye si beki, Shangazi. Huku kwetu alikuwa anacheza katikati. Misimu miwili jezi zao zimeletwa kufuliwa hapa kazini, na yake ndiyo ilikuwa inanitoa jasho, matope mbele na nyuma, mabega mpaka kiunoni. Beki wa kulia wa timu ya Baba alikwenda kwenye msiba, kocha akamsukuma huyu pale kuziba pengo.

Nimwambie Baba ukweli? Nisimwambie? Nijibu haraka, dereva yuleyule.

Mwanao

*

Jumanne, 5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nilisoma nimekaa, na nilicheka mpaka nikamwaga chai, nisamehe. Ndipo nikaona si jambo la kucheka.

Kwanza nikwambie kitu kuhusu kaka yangu. Huyu anayewapa watu majina hajawahi kupiga hata penalti. Shuleni wenzake wakicheza yeye alikuwa anashika mashati. Kazi yake ni kuandika mabango, na anaandika vizuri, nampa hiyo, duka bovu kuliko yote mjini ukisoma bango lake unaingia. Lakini tangu wamempa ubao ule amevimba kichwa, haambiliki. Jana alipita kijana mmoja nje akiimba wimbo wa Pazia, baba yako akatoka mlangoni na brashi mkononi ili aonekane.

Sasa sikiliza. Usimwambie. Nasema usimwambie mpaka rangi ya ubao ikauke. Mwekahazina wa timu aliwahi kumletea makopo ya rangi ili mpwa wake aandikiwe ABAKI. Unajua alifanya nini? Aliandika AONDOKE kwa rangi ileile. Ukimwambia huyu ni mchumba wako, ataona mmempaka mafuta, na atamwangusha hata kama kijana amecheza kama upepo, ili watu waone yeye hanunuliki. Kiburi cha baba yako hakina mlango wa nyuma.

Wewe fanya hivi. Mwandikie kama mtu asiyejali. Mchokoze. Mwambie jicho lake limezeeka. Huyo akiambiwa hajui, atakwenda mwenyewe mazoezini kumtazama tena ili athibitishe kwamba anajua. Mengine tumwachie kijana na miguu yake.

Na umwambie akome kutazama jukwaani. Kofia ya buluu nitaificha mimi.

Shangazi yako

*

Jumanne, 5 Agosti, jioni

Shikamoo Baba,

Nimefurahi kujua mko wazima na poleni kwa magodoro.

Nimesoma majina yako nikacheka, hasa Kabati. Ila huyo Pazia, Baba, una hakika ni beki? Alikuwa anachezea timu ya huku kwetu, na watu wa huku wanasema alikuwa anacheza katikati. Labda kocha amemweka mahali si pake na wewe hukuona. Si kosa lako, jua lilikuwa kali na jukwaa liko mbali. Fundi baiskeli naye haoni vizuri, basi mmesaidiana.

Mimi hainihusu. Nimesema tu.

Mwanao

*

Jumatano, 6 Agosti

Mwanangu,

Tangu lini kufua jezi kukamfanya mtu ajue mpira? Basi daktari wa meno awe mpishi.

Eti sikuona. Mimi! Nilimwona mpaka kamba za viatu. Hiyo hadithi ya kusema alipangwa si pake nimeisikia kwa kila mchezaji tia maji tia maji aliyepita hapa. Sabuni naye kesho atasema kwa asili ni mshambuliaji. Kama hajui kukaba, asimame njiani basi, hata nguzo ya umeme inamchelewesha mtu.

Na nani hao "watu wa huku"? Wapelekee salamu. Waambie wamchukue, nitawasaidia kubeba begi.

Kwa huyu nimeamua kufanya kitu ambacho sijawahi kukifanya. Mbele ya jina lake, baada ya AONDOKE, nitachora pazia. La maua, lenye marinda, limefungwa na utepe pembeni. Nimeshajaribu kwenye karatasi, limetoka zuri mno. Fundi baiskeli alipoliona ilibidi aketi.

Kesho nitakwenda mazoezini, lakini nakwenda kwa heshima yako tu na kwa sababu nina kazi ya bango upande ule. Usije ukasema sikwenda. Kofia yangu siioni, shangazi yako anasema hajui.

Baba yako

*

Alhamisi, 7 Agosti, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Shangazi alinikataza nisikwambie, lakini sikulala kwa hilo pazia la maua na siwezi tena.

Huyo mtu ni mchumba wangu. Ni mwaka sasa. Wazee wake wanataka kuja kwako. Alikuwa anatazama jukwaani kwa sababu alikuwa anakutafuta wewe. Mimi nilimwambia unakaa wapi na umevaa kofia gani, kwa hiyo kama ni kuniandika ubaoni, niandike mimi.

Sikuombi umsifu. Najua hutaki kuombwa. Nakuomba usimfanyie mzaha mbele ya watu, na kama unaweza, mtazame mara moja zaidi akiwa katikati kabla hujainua brashi. Baba, huyu ndiye ninayemtaka. Ukimwandikia AONDOKE hatakuja nyumbani, na mimi nitakuja kwako peke yangu kila sikukuu, nakaa, nakula, narudi. Sitaki maisha hayo.

Nisamehe nimekwambia kwa barua.

Mwanao

*

Alhamisi, 7 Agosti, jioni

Mwanangu,

Nakuandikia kwa mkono mchafu wa rangi, sijanawa, kwa sababu nikinawa hasira zitaisha na nitakuwa mpole.

Nilikwenda mazoezini shingo upande. Mwenyekiti amevimba kifundo cha mguu, nadhani kwa kuelekeza watu, basi kocha akamweka Pazia katikati. Nikasema haya, tucheke.

Alipokea mpira mgongo wake umeelekea goli, watu wawili wamemkaba. Sikuona alifanya nini. Sikiliza ninavyokwambia: mimi sikuona. Nilichoona ni wale wawili wanatazamana, na mpira uko mguuni kwa winga upande wa pili. Nikasema bahati. Akarudia. Akarudia tena. Kabati alimfuata kwa hasira akaishia kukumbatia hewa. Nikasimama. Mimi kusimama kwenye mazoezi, mwanangu! Kijana wa kuokota mipira akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Hakutazama jukwaani hata mara moja.

Sasa niambie ni mpumbavu gani alimtoa mtu kama huyu katikati akamweka pembeni kwenye chaki kukimbizana na watu wenye matumbo? Kocha yule naye nimempa jina, lakini si la kumwandikia binti. Mtu ana jiko zuri analitumia kukalia!

Haya. Umeshinda, ulisema kweli, na hao watu wako wa huko wanajua mpira kidogo. Karatasi ya pazia nimeichana. Jumamosi naandika ABAKI kwa rangi nyekundu niliyoiweka akiba, na chini yake, KATIKATI, ili hata kocha aelewe. Ni mara ya kwanza nabadilisha neno nililokwisha kulisema, na naona raha, sijui kwa nini. Usimwambie shangazi yako.

Baba yako

*

Ijumaa, 8 Agosti

Binti yangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Dereva ameniletea yako asubuhi hii, wakati yangu ilikwisha kuondoka jana na basi la usiku, na sasa unajua nilichokiandika kabla sijajua.

Siku moja tu. Ungenyamaza siku moja tu!

Jana nilikuwa na jicho. Leo sina. Nimelala nikijua nimeona mpira, nimeamka sijui kama nimeona mpira au nimeona mkwe. Usiniambie barua yangu ya jana ni ushahidi. Ushahidi kwako wewe na mimi, kwa baba na binti. Nikisimama pale getini nikaandika ABAKI, na kesho kutwa wazee wa watu wakaonekana mlangoni kwangu wamevaa suti, mji utasema nini? Utasema mzee alikuwa anatukana watoto wa wenzake miaka yote, wa kwake akampakia rangi nyekundu. Na mimi nitajibu nini? Nitawasomea barua?

Nimewatukana watu wengi, mwanangu. Nimewatukana baba zao wamekaa mstari wa nyuma yangu. Walinyamaza kwa sababu walijua sipendelei. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Sina nyumba ya ghorofa, sina gari, nina jicho lisilopendelea. Umelitia vumbi.

Na eti alikuwa ananitafuta mimi. Basi magoli mawili yale mmetufunga nyie wawili.

Kesho nitafanya nini sijui. Usiniandikie.

Baba yako

*

Jumapili, 10 Agosti

Mwanangu,

Nakuandikia mimi kwa sababu yeye hataki, na kwa sababu ninayo yote, nilikuwepo. Mguu wangu ulipona ghafla, nikaenda.

Watu walijaa getini kama kuna kitu cha bure. Baba yako amepanda ngazi yake, amepiga kamba yake ya mstari, anaandika. Sabuni, AONDOKE, watu wakashangilia. Kabati, ABAKI, kwa sababu hakuna wa kumhamisha, watu wakacheka. Mgonjwa, AONDOKE. Mwenyekiti, AONDOKE, na kaka yake Mwenyekiti alikuwepo pale, akainamisha kichwa akaondoka. Nilimwona baba yako akimtazama anavyokwenda. Kwa kawaida hatazami.

Akaandika PAZIA. Halafu akasimama. Amesimama, brashi inadondosha rangi kwenye kiatu. Watu wakaanza ule wimbo wao wa dirisha. Akageuka kule juu ngazini, akasema kwa sauti, "Huyu ni mkwe wangu. Anamwoa binti yangu. Siwezi kumhukumu, semeni nyie, nitaandika mtakalosema."

Wimbo ulikatikia njiani, mwanangu, na wauza karanga wakasogea ngazini kusikia. Halafu fundi baiskeli, rafiki yake wa miaka nenda rudi, akasema, "Aondoke." Mmoja. Kisha wote. Aondoke, aondoke! Na si kwa chuki, walikuwa wanacheka, walimwona ile siku ya magodoro tu, na wimbo wenyewe walifundishwa na nani?

Hapo kaka yangu akasahau kwamba amejitoa. Akaanza kuwafokea. "Mpira mnaujua nyie? Mlikuwa wapi Alhamisi? Mlimwona akiwa katikati? Nyie macho yenu ya kuangalia bei ya nyanya! Wewe fundi baiskeli, mwaka mzima hujui kutofautisha kona na goli kiki!" Amewatukana kutoka ngazini mpaka sauti ikakauka. Wakawa wanacheka zaidi. Mtu akamwambia, "Mzee, si umesema huhukumu?" Akachovya brashi kwenye kopo.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumcheka. Sikuweza.

Akageuka akaandika AONDOKE. Mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu alikwisha kusema ataandika. Herufi za mwanzo zimesimama. Mbili za mwisho zimepinda, na mji mzima umekwenda kuziona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona herufi ya baba yako imepinda.

Akashuka, akampa fundi baiskeli brashi, akasema ubao ni wenu, andikeni wenyewe. Amerudi nyumbani, amekaa, hajawasha redio.

Shangazi yako

*

Jumanne, 12 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Jana usajili umefungwa. Jina lake halikuwemo. Katibu alimwambia wazi, "Hatuwezi kugombana na jukwaa." Amerudi huku kwa basi la usiku na begi moja.

Shangazi ameniambia yote, na najua uliwafokea. Lakini wewe ndiye uliyewapa jina la kumwitia. Wewe ndiye uliyewafundisha kucheka, na siku ulipotaka wakusikilize, wakacheka. Halafu neno lenyewe ukaliandika kwa mkono wako. Ungeweza kushuka ngazi ukaliacha wazi, Baba. Hakuna aliyekushika mkono.

Timu yake ya zamani imempokea. Ligi ndogo, uwanja hauna jukwaa, watu wanasimama kando ya kamba. Amesema hakasiriki na wewe. Mimi nimekasirika kwa niaba yake. Wazee wake wananiuliza waje au wasije, na sina jibu la kuwapa.

Mwanao

*

Jumatano, 20 Agosti

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naanza kukueleza taratibu za ubao. Shangazi yako anaichukua, anaisoma, anaichana. Hii nimeiandika akiwa sokoni.

Ni kweli. Ningeweza kushuka nikaliacha wazi. Sikushuka kwa sababu watu walikuwa wananitazama, na mimi ni mtu wa kutazamwa. Nilichagua watu. Kila nikipita pale getini naiona ile kazi, na kila nikiiona inaniuma, na si kwa sababu ya herufi zilizopinda.

Fundi baiskeli anaandika ubao sasa. Anaandika kama anaziba pancha, hakuna mstari, hakuna nafasi, jina linaanza kubwa linaisha linajibana ukutani. Na anahukumu watu hajawatazama! Juzi nilisimama nyuma ya umati, nikamsikia anampa jina kijana mmoja kutoka timu ya vijana. Watu wakacheka. Kijana alikuwepo, amesimama karibu na mama yake. Nilitaka kupiga kelele. Nikageuka nikaenda zangu, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa zuri, lilikuwa la aina yangu kabisa.

Tuseme hivi. Kocha ni mjinga, katibu ni mwoga, jukwaa halijui kitu, na timu hiyo isiyo na mtu katikati itashuka daraja na itastahili. Hayo siyarudishi, nitakufa nayo. Lakini mwenzako ni mchezaji, nilimwona kabla hujaniambia, na nimekwenda kusema hivyo kwa kaka yake Mwenyekiti pia, kuhusu ndugu yake, kwamba ana macho mazuri ya pasi. Hakunikaribisha ndani. Haki yake.

Wazee waje. Waje siku wanayotaka wao. Shangazi yako ameanza kupanga viti na kunipangia shati. Wakitaka kunisema, waniseme, nitakaa.

Ila kabla ya hapo, Jumamosi nakuja huko na basi la asubuhi kumwona akicheza. Usimwambie. Nitalipa kiingilio kama watu wengine na nitasimama kando ya kamba. Namjua mwamuzi wa ligi ndogo, namjua beki wa ligi ndogo, najua nitakayoyaona pale, na mdomo wangu unanijua. Lakini dakika zote tisini nitanyamaza. Hata wakifungwa. Hata beki wao wa kulia akifanya mambo. Wewe unanifahamu tangu ulipozaliwa, unajua ni kitu kikubwa kiasi gani ninachokupa.

Simama karibu yangu. Nikishindwa, nikanyage mguu.

Baba yako